Kikapu cha Vyeo

Vijana wa kituo, mmenisumbua vya kutosha. Tangu wiki ile niliporudisha buti stoo, mnanipigia simu kila siku: "Mama Filimbi, tuandikie basi, hata kurasa chache, tusije tukasimuliwa uongo." Haya, nimekaa barazani kwangu Mlola, chai iko pembeni, miwani imepatikana, na uongo nitaupunguza kadiri nitakavyoweza. Habari za nilipandishwa cheo lini na nilistaafu na nini hamtazikuta humu. Hizo ziko kwenye jalada langu, na jalada lenyewe panya wameshalipitia mara mbili. Mimi nitaandika juu ya filimbi, ukungu na kikapu kimoja cha kubebea matunda.

Niliripoti kituoni nikiwa na buti zinazong'aa kiasi cha kujionea meno. Nilikuwa nimepangiwa jeshi la anga, na Mlola nzima ilikuwa na habari, kwa sababu mama yangu alitangaza sokoni kwamba Mwajabu wake anakwenda kuendesha ndege. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwenda kupima upepo. Kituo chetu mnakijua: nyumba nne juu ya mgongo wa mlima nyuma ya Lushoto, mlingoti wa redio, soksi ya upepo, na ukungu. Kazi yetu ilikuwa kutazama mawingu na kuwaambia marubani walioko bondeni kama huku juu panapitika. Mara nyingi hapapitiki.

Aliyenipokea getini ni Afisa Mteule Shemzigwa, Mshambaa mwenzangu, mfupi, mwenye masikio makubwa na meno ya bandia ya juu yaliyokuwa yakicheza kila akisema neno lenye herufi nyingi. Nilipomwona mzee wa rika la baba yangu, miezi yote ya kwata ikanitoka kichwani. Badala ya kupiga saluti nikakunja goti kidogo, nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba mwanangu," akaitikia bila kucheka. "Haya, sasa rudi kule njiani, uje tena kama askari."

Nikarudi njiani, nikaja tena kwa ukakamavu, nikapiga saluti. "Jambo afande! Naripoti kazini, afande!"

"Afadhali."

"Ndege ziko wapi, afande?"

Akanyoosha kidole kwenye mti nyuma ya jiko. Hondohondo wawili walikuwa wametua pale wakipiga kelele zao. "Hizo hapo," akasema. "Ya kushoto ina tatizo la injini."

Katika miaka yote ya kazi yangu sikupata kuona ndege nyingine karibu zaidi ya hizo.

Shemzigwa ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kwamba soksi ya upepo ikilala, usikimbilie kuandika kwamba hakuna upepo; nenda kwanza ukaitikise, huenda imelowa tu. Alinifundisha pia kupima ukungu kwa njia ambayo hamtaikuta kwenye kitabu chochote cha mafunzo. Unasimama mlangoni mwa chumba cha redio, unatazama uwanja wa mpira. Usipoliona hata goli la karibu, waambie marubani wakanywe chai. Ukiliona la karibu peke yake, wasubiri. Ukiyaona yote mawili, wajiandae. Na ukiziona kabichi za Mama Mbaruku kule ng'ambo, basi waruke, na waende haraka kabla hazijapotea tena.

Kwa hiyo mtaona kwamba uwanja wa mpira ulikuwa kifaa cha kazi. Askari waliotutangulia waliuchimba ubavuni mwa mlima kwa majembe, wakachoka kabla haujalingana sawa, na goli la juu likabaki juu ya goli la chini kwa kimo cha mtu mzima. Timu iliyoshinda sarafu ilichagua kushambulia kwenda chini, na timu iliyoshindwa ilianza kwa kusali. Upande wa mashariki, mpira ukitoka haurudi. Unashuka wenyewe mpaka kwenye kabichi.

Mama Mbaruku, mwenye kabichi hizo, alikuwa na sheria yake. Mpira alikuwa akiukalia. Aliyeufuata alitakiwa ateremke mpaka alipo, atoe shikamoo kamili, aulize hali ya watoto na ya mifugo, ndipo mama anyanyuke. Kapteni mmoja mgeni aliwahi kufika pale na kusema, "Lete mpira, mama." Mama Mbaruku akamtazama kuanzia buti mpaka kofia. "Wewe mghoshi," akasema, yaani mwanamume kwa Kishambaa, "huko kwenu watu hawaamkiani?" Mechi ilisimama nusu saa, mpaka kapteni aliposhuka mara ya pili na kuamkia kama mtu aliyelelewa.

Kila mwaka vikosi vya anga vilishindania kombe. Kombe lenyewe mafundi wa bondeni walilifua kutokana na mfuniko wa mtambo uliokufa, likawa na sikio moja kwa sababu bati liliisha. Sisi hatukuwahi kulichukua. Tulikuwa watu thelathini na kidogo, ukiwatoa walinzi na wapishi unabaki na timu ambayo mfungaji wake bora ni ule mteremko.

Sasa nifike kwenye kikapu. Kabla sijafika mimi, beki mmoja wa kwetu, koplo, alikuwa ameachwa peke yake na mshambuliaji wa wageni aliyekuwa na cheo cha kapteni. Kapteni akaja na mpira kwa kasi. Koplo akasogea pembeni, akabana visigino, akapiga saluti. Kapteni akaitikia saluti, akafunga goli. Walipomwuliza koplo kulikoni, alijibu kwamba afande alikuwa anapita.

Baada ya siku hiyo Shemzigwa akaweka utaratibu. Kabla ya mechi, kila mchezaji, na mwamuzi pia, anakuja mstarini na kile kitambaa chake cha cheo, kile cha kuvisha begani kwenye gwanda, anakitumbukiza kikapuni. Mkubwa anatangulia, mdogo anafuata. Wakimaliza, mwamuzi anafunika kikapu kwa kanga, anatangaza, "Vyeo vimelala!" Kuanzia hapo hakuna afande uwanjani. Watu wanaitana kwa namba za jezi. Hali hiyo haibadiliki mpaka mwamuzi apulize ya mwisho, afunue kikapu, aseme, "Vyeo vimeamka!" Hapo kila mtu anachukua cha kwake, saluti zinaanza tena, na walioitana majina mabaya uwanjani hawatazamani usoni mpaka Jumatatu. Kikapu cha kwanza kilitafunwa na mbuzi. Hiki cha pili alikisuka mama yangu. Alikuwa akibebea matunda damu kwenda gulioni, na mpaka leo ukikiinamia unasikia harufu yake.

Filimbi niliipata kwa ajali. Shemzigwa ndiye aliyekuwa mwamuzi wetu, na siku moja aliona mkono kwenye boksi akapuliza penalti kwa nguvu zote. Filimbi ikaruka, na meno yakafuata. Kipa wa wageni, akidhani ni mpira, akayadaka. Walipomaliza kucheka, na hilo lilichukua muda, mzee akayasuuza kwa maji ya chupa, akayarudisha mahali pake, akanivika kamba ya filimbi shingoni. "Wewe una ya kwako," akasema. "Endelea."

Nikapelekwa kozi ya waamuzi pale wilayani, nikarudi na cheti. Lakini mambo ya maana nilifundishwa na mzee, tukiwa tumesimama chini ya soksi ya upepo. Aliniambia ukungu ukishuka nisikae katikati ya uwanja, niufuate mpira mpaka nisikie wachezaji wanavyohema. Akaniambia pia, "Usimtazame mtu usoni kabla hujapuliza. Bega unaweza kulivua cheo. Uso hauvuliki." Nilidhani ni maneno ya mzee tu, mpaka alipokuja Meja Mtambalike.

Meja alikuja kuwa mkuu wa kituo. Sitamsema vibaya. Alitengeneza bomba la maji, alijenga choo cha maana, na mtu akifiwa alikuwa wa kwanza kufika msibani. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja, mpira. Alivaa namba tisa. Hakuwa na kasi, hakuwa na shuti, na kichwa alikuwa anapiga kwa kufumba macho. Lakini hata vyeo vikilala namna gani, askari wetu walimpasia yeye tu, na hakuna beki wa kituo aliyewahi kumnyang'anya mpira mazoezini. Matokeo yake Meja aliamini, kwa moyo safi kabisa, kwamba yeye ni hatari mbele ya goli.

Mwaka huo tulifika fainali. Msiniulize sana tulifikaje; timu mbili zilishindwa kupanda mlima kwa sababu ya mvua na tukapewa ushindi. Fainali ikapangwa ichezwe kwetu, Jumamosi, na Brigedia mwenyewe alikuwa anakuja kutoka makao makuu kutoa kombe.

Mwezi huo huo lilinifika jambo langu. Orodha ya uhamisho ilikuwa inaandaliwa, na nilinong'onezwa kwamba nimo, napelekwa kituo cha pwani. Macho ya mama yangu yalikuwa yamekwisha. Alikuwa anatambua watu kwa sauti na kuni kwa kupapasa, na mimi ndiye niliyeshuka Mlola kila nilipotoka zamu kumtekea maji na kumpikia. Ndugu zangu wote walikuwa mbali. Nikaandika barua ya kuomba nibaki, na barua hiyo isingesonga hata hatua moja bila sahihi ya mkuu wa kituo. Niliipeleka mwenyewe. Meja aliisoma, akaiweka chini ya kikombe chake.

"Nimeielewa, Koplo," akasema. "Njoo Jumatatu."

"Asante afande."

Nilipofika mlangoni akaongeza, "Jumamosi tucheze vizuri."

Wakati huo maneno hayo hayakuwa na maana kwangu. Mwamuzi wa fainali alikuwa anatoka bondeni, mtu wa nje kabisa. Sasa sikilizeni mambo ya mlima wetu. Mwamuzi huyo alipanda gari Mombo akiwa mzima wa afya. Kona ya tatu akanyamaza. Walipofika Soni aliomba gari lisimame. Alipofika kituoni alikuwa amebadilika rangi kama kabichi, akalazwa chumba cha huduma ya kwanza na ndoo pembeni. Wakatafuta mwingine mwenye cheti. Mlima mzima nilikuwa mimi peke yangu. Wageni walinung'unika, lakini nahodha wao akasema afadhali mwanamke mwenye cheti kuliko mwanamume mwenye maoni, wakakubali.

Shemzigwa akanivuta chini ya soksi ya upepo. Nilimweleza habari ya barua, kwa sababu ilibidi niseme kwa mtu.

"Afande, nikikosea leo naondoka Lushoto."

"Na ukikosea kwa makusudi," akasema, "hakuna kikosi kitakachopanda tena mlima huu kuja kucheza na sisi. Sasa nenda. Soksi imelala, ukungu unakuja." Aliitikisa kwanza kuhakikisha.

Wachezaji wakapanga mstari. Meja akatangulia, akatumbukiza kitambaa chake, kile chenye ngao. Wakafuata wengine, wetu na wageni, cheo kwa cheo. Wa mwisho kabisa alikuwa Koplo Chambo, mpishi wetu na kipa wetu, aliyechelewa kwa sababu pilau la Brigedia lilikuwa halijakauka. Akaja mbio na aproni, akatupia mistari yake miwili juu ya vyote. Nikafunika kwa kanga. "Vyeo vimelala!"

Kipindi cha kwanza tulishuka mlima, tukafunga moja. Cha pili tulipanda, wakarudisha. Meja nilimpa kadi ya njano kwa kumvuta kipa wa wageni jezi mpaka ikamfika masikioni. Aliitazama ile kadi kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza. Kisha ukungu ukashuka wenyewe, ule mzito, mpaka Brigedia kwenye kiti chake akabaki kofia tu, halafu hata kofia ikapotea. Niliukimbilia mpira kama nilivyofundishwa.

Zilikuwa zimebaki dakika chache. Krosi ikaja kutoka upande wa kabichi. Meja akaruka huku amefumba macho, kama kawaida yake, na kichwa kikaukosa mpira kwa hatua nzima. Mkono haukuukosa. Aliusukuma wavuni kwa kiganja, akaanguka kifudifudi, uso wote kwenye udongo mwekundu. Mabeki wa wageni walikuwa nyuma yake, kipa alikuwa ameteleza, na washika vibendera walikuwa wamemezwa na ukungu. Niliuona mimi peke yangu.

Kituo kizima kikalipuka. Walikuwa hawajaona chochote, wamesikia wavu tu. Nikamsikia hata Brigedia akipiga makofi. Na mimi nimesimama pale na filimbi mdomoni, namfikiria mama yangu akipapasa kuni. Nasema kweli, niliogopa. Nilijua nikinyamaza tu, barua imesainiwa, na hakuna mtu duniani atakayenidai neno.

Sikumtazama usoni. Nikapuliza. Mkono, hakuna goli, kadi ya pili ya njano, kadi nyekundu.

Makofi yakakatika, nikasikia mbuzi wa Mama Mbaruku. Meja akainuka, uso umejaa tope, yanaonekana macho tu.

"Koplo Mwajabu," akasema polepole, "unajua unaongea na nani?"

"Naongea na namba tisa," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Vyeo vimelala."

"Vimelala?"

"Vimelala. Toka nje, namba tisa."

Akatoka. Akatoka kwa hatua ndefu mpaka mstarini kilipokuwa kikapu, akang'oa kanga, akatia mkono, akachukua kitambaa cha kwanza alichokutana nacho. Kama angekuwa mtu wa kutulia, angekumbuka kwamba anayetangulia kuweka hukaa chini kabisa. Ningeweza kumkumbusha. Sikumkumbusha. Akakikandamiza kile kitambaa begani kwa ncha za vidole vya kushoto, akanirudia kwa kishindo.

"Changu nimekiamsha!" akafoka. "Sasa futa hiyo kadi!"

Wachezaji ishirini na moja walitazama lile bega. Walitazama mistari miwili ya Koplo Chambo. Na kutoka kwenye ukungu nyuma yake, Brigedia akatokea, amesikia kelele akaja kuona kulikoni. Asubuhi alikuwa amempokea Meja aliyenyolewa vizuri, mwenye sare iliyopigwa pasi. Hapa aliona mtu wa tope mwenye cheo cha koplo.

"Koplo!" Brigedia akanguruma. "Unamfokea mwamuzi wewe kama nani?"

Meja akageuka, mdomo wazi. Nilimwona akitaka kusema. Akashusha macho begani, akaona kilichopo. Lakini miaka ya gwaride si mchezo, miguu iliitikia kabla kichwa hakijaamua. Visigino vikagongana.

"Samahani afande!"

"Raundi tatu za uwanja!"

"Raundi tatu, afande!"

Akaondoka mbio, vidole bado vimeshika bega. Naapa, nilimhurumia. Tukaendelea na mechi. Raundi ya kwanza akapita, tukamsikia akihema. Ya pili akapita, anakohoa. Ya tatu tulisubiri, hakupita. Alikuwa ameingia kwenye ukungu upande wa makazi na kwenda zake nyumbani. Koplo Chambo, ambaye alikuwa golini anahesabu raundi kwa vidole, aliruhusu mpira upite katikati ya miguu yake, tukafungwa mbili kwa moja. Wageni wakabeba kombe lao lenye sikio moja.

Shemzigwa alinikuta nafunua kikapu. Alitoa meno kwanza, akayatia mfukoni, ndipo akacheka. Alicheka mpaka akashika mlingoti. Brigedia aliuliza mara moja tu Meja yuko wapi, akaambiwa tumbo linamsumbua, akasema mpeni pole. Alivyosema ile pole, mpaka leo sijui kama alijua au hakujua.

Vyeo vilipoamka, kila mtu alichukua cha kwake isipokuwa wawili. Koplo Chambo alibaki bila mistari, na chini kabisa ya kikapu ikabaki ngao ya Meja. Jumapili nzima nilikaa nayo mfukoni, nikifungasha sanduku langu. Mama alinisikia nikikunja nguo. Aliuliza ni wapi napelekwa. Nikamwambia pwani. Akasema huko kuna joto, nibebe kanga nyepesi, kisha akageukia ukutani. Sijawahi kujuta kwa kupuliza filimbi isipokuwa siku ile.

Jumatatu nikabisha hodi. Meja alikuwa nyuma ya meza, bega tupu. Nikapiga saluti, nikaweka ngao yake mezani. Naye akafungua droo, akatoa mistari ya Chambo, akaiweka kando yake. Tukavitazama vyote viwili.

"Ulijua changu kiko chini?" akauliza.

"Ndiyo afande. Wewe ndiye hutangulia."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza, afande."

Akavuta pumzi. "Na mkono, nani mwingine aliuona?"

"Hakuna afande. Mimi tu."

"Kwa hiyo ungenyamaza..."

"Ndiyo afande."

Akainuka, akaenda dirishani. Goli la karibu lilikuwa linaonekana, la mbali halikuonekana. Aliporudi alikuwa na barua yangu. Ilikuwa imekunjika vibaya, imebonyea katikati. Imesainiwa. Nikatazama tarehe, ilikuwa ya Jumamosi, siku ya mechi.

"Niliisaini asubuhi, kabla hata sijavaa jezi," akasema. "Lakini usinishukuru mimi. Nilipotoka uwanjani nilikwenda moja kwa moja kuichana. Mke wangu akaikalia. Ameikalia mpaka leo asubuhi, hata chakula kaletewa pale pale." Akavaa ngao yake begani, akainyoosha. "Peleka. Na mpe Chambo mistari yake. Mwambie pilau lilikuwa zuri."

Nilibaki. Mama yangu aliishi miaka tisa baada ya hapo, na kila siku niliyokuwa nje ya zamu alinisikia nikiingia mlangoni. Nilimzika mwenyewe hapa Mlola. Kila nikipita pale alipolala, namkumbuka mwanamke mmoja aliyekalia barua, naye hajui mpaka leo alinipa nini. Meja alihamishwa baadaye, Shemzigwa alistaafu akafariki akiwa na meno yake yote mfukoni, na vikosi vya bondeni viliendelea kupanda mlima kila mwaka. Walitapika njiani, lakini walikuja. Walisema huku kwetu filimbi ni filimbi.

Mliokuwapo siku ya mechi yangu ya kuaga mnajua nilivyopanga kutolia. Nilikuwa nimetia kitambaa changu kikapuni kwa mara ya mwisho, nimesema "Vyeo vimelala" bila sauti kukatika, mechi ikaenda vizuri. Ndipo likaja gari kutoka Mombo, akashuka mzee mwembamba mwenye fimbo, amevaa jezi ya njano iliyopauka, namba tisa mgongoni. Nikapuliza, mpira ukasimama. Nikabana visigino.

"Jambo afande!"

"Afande gani?" akasema. "Si vyeo vimelala?" Akaegemea fimbo apumue, maana zile kona zilikuwa hazijamtoka tumboni. "Nimekuja kumalizia ya tatu."

Mliona wenyewe. Alianza kutembea kando ya mstari, na mimi nikampa Koplo mwenzenu filimbi, nikaenda naye. Tulikwenda polepole. Alinisimulia mgongo wake, nikamsimulia magoti yangu. Kwenye kona ya kabichi akasimama, akamwamkia Mama Mbaruku, ambaye sasa anatoka kwa mkongojo, akauliza hali ya watoto na ya mifugo. Ukungu ulikuwa unashuka. Nyuma yetu nikasikia kipyenga cha mwisho, na sauti changa ikitangaza, "Vyeo vimeamka!" Kila mtu akachukua cha kwake. Changu kilibaki chini kabisa, kwa sababu siku hiyo mimi ndiye niliyetangulia.

"Mwamuzi," akaniuliza mzee, "imebaki kiasi gani?"

Nikatazama mbele. Goli halikuonekana.

"Nusu raundi, namba tisa," nikamwambia, nikamshika mkono tukaendelea.